Trafiki Akikusimamisha: Mwongozo wa Dereva wa Kenya, Hatua kwa Hatua

Simu huwa zinaingia jioni. Kijana yuko kando ya barabara, dirisha limeteremshwa, ananong'ona: "Mzee, afande ameshika leseni yangu na haniambii kosa. Nifanyeje?" Chuo cha udereva kilimfundisha alama za barabarani, akasukuma vigari vidogo kwenye ule ubao wa mji wa mfano, akapasi. Hakuna aliyemfundisha la kusema akifika kizuizi cha Mariakani saa mbili usiku.

Maswali ni yale yale, ndiyo maana nimeyaandikia majibu haya. Yanahusu Kenya. Ukivuka Lungalunga kuingia Tanzania, au Malaba kuingia Uganda, sheria zinabadilika, na haya usiyatumie huko. Zile orodha za "haki kumi za dereva" zinazozunguka kwenye WhatsApp nazo ziache. Nimezisoma nyingi. Nusu yake zimenakiliwa kutoka nchi nyingine, na kuna watu wamejitia matatani kwa kumsomea afande kifungu ambacho Kenya hakipo.

Jambo moja lishike kabla hatujaanza. Haki yako barabarani haishindaniwi kwa sauti. Karibu kila haki ina karatasi yake: notisi, nambari ya OB (kitabu cha matukio cha kituo cha polisi), risiti ya dhamana, uamuzi wa mahakama. Dereva anayeomba karatasi kwa upole hufika mbali kuliko anayepiga kelele.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujawasha gari

- Leseni halali ya aina ya gari unaloendesha. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kifungu cha 36, inakutaka uwe nayo unapoendesha na uitoe afande akiiomba. Kuisahau nyumbani ni kosa hata kama imelipiwa.
- Bima ambayo haijaisha. Angalia tarehe leo, usingoje kuonyeshwa na trafiki.
- Mikanda inayofunga, taa zote zinazowaka, na zile pembetatu za kuakisi.
- Kalamu na kijidaftari. Simu inaweza kuzima, kalamu haizimi.
- Simu yenye chaji, na nambari tatu zilizohifadhiwa: ya jamaa anayeweza kufika kituoni, ya IPOA ambayo ni 1559, na ya EACC ambayo ni 1551. IPOA ni mamlaka huru ya kuwasimamia polisi, EACC ni tume ya maadili na kupambana na ufisadi. Nambari zote mbili ni za bure.
- Kama gari si lako, barua fupi ya mwenye gari au ya mwajiri. Si kwamba bila barua umevunja sheria, ila itakuondolea nusu saa ya maswali.

Hatua ya 1: Simama

Afande aliyevaa sare akiinua mkono, simama. Hapa hapana mjadala, kwa sababu kukaidi amri yake ni kosa peke yake hata kama hukuwa na kosa lingine. Washa indiketa, toka barabarani kabisa, vuta breki ya mkono, zima injini. Usiku washa taa ya ndani. Mikono iwe juu ya usukani. Usishuke mpaka uambiwe, na usianze kupekuapekua chini ya kiti, kwa kuwa yeye hajui unatafuta leseni au unatafuta kitu kingine.

Tahadhari: usishike simu gari likiwa bado linatembea, hata kama unataka kurekodi. Kanuni za makosa madogo ya trafiki za 2016 ziliweka shilingi 2,000 kwa kutumia simu gari likiwa mwendoni. Utakuwa umempa kosa ambalo hakuwa nalo.

Hatua ya 2: Mjue aliyekusimamisha

Salimia kwanza. "Habari ya kazi, afande." Kisha angalia kifuani. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi inamtaka askari mwenye sare aweke jina au nambari yake ya kazi mahali panapoonekana. Isome, uikariri, uiandike baadaye. Kama haionekani, una haki ya kuuliza: "Samahani afande, naomba jina na kituo chako." Sauti iwe ile ile uliyosalimia nayo.

Aliyevaa nguo za kiraia akikusimamisha, omba kitambulisho chake cha kazi kabla ya kumpa chochote. Ikiwa ni usiku, mahali pana giza, huoni sare wala gari la polisi, endesha polepole ukiwa umewasha taa za dharura mpaka kituo cha mafuta au kituo cha polisi kilicho karibu. Usitimue mbio, kwa sababu ukikimbia utaonekana mtoro.

Askari wa kaunti ni watu tofauti. Hao kazi yao ni maegesho na sheria ndogo za kaunti. Mwendo wa kasi na mikanda haviwahusu.

Hatua ya 3: Toa leseni, jibu kwa ufupi

Mpe leseni. Haki ya kunyamaza ipo, na nitaifikia, lakini haifuniki leseni, jina wala anwani. Wako vijana waliosikia kwamba "Katiba inaniruhusu kunyamaza" wakakataa hata kujitambulisha, jambo dogo likawa kubwa.

Mengine jibu kwa ufupi. Akiuliza, "Dereva, unajua kwa nini nimekusimamisha?", usianze kukisia makosa. Jibu linalotosha ni hili: "Sijui afande, naomba unieleze." Wengi hujishtaki wenyewe hapa. Mmoja alisimamishwa kwa taa ya nyuma iliyoungua, naye akaanza kuomba msamaha wa mwendo wa kasi.

Hatua ya 4: Uliza kosa, kwa lugha unayoielewa

"Afande, kosa langu ni lipi?" Swali hili ni halali, na ndilo la muhimu kuliko yote. Likijibiwa, liandike kwenye kijidaftari pamoja na saa na mahali: "Saa 2:15 usiku, kizuizi, mkanda wa abiria wa nyuma." Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi kwa Kifungu cha 7 cha Katiba, kwa hiyo usione haya kuomba uelezwe kwa Kiswahili.

Akisema ni mwendo, uliza kipimo kilionyesha ngapi, na uombe kukiona. Mijini na kwenye vituo vya biashara kikomo ni kilomita 50 kwa saa, na hapo ndipo wengi hunaswa, maana barabara kuu hupita katikati ya soko na dereva hajapunguza mwendo. Asipokuonyesha, usimng'ang'anie. Una haki ya kuuona ushahidi wa upande wa mashtaka mahakamani kwa Kifungu cha 50 cha Katiba. Tena Sheria ya Trafiki hairuhusu utiwe hatiani kwa mwendo wa kasi kwa sababu tu shahidi mmoja, kwa maoni yake, aliona unakwenda mbio. Kinahitajika kitu zaidi ya jicho la mtu mmoja.

Hatua ya 5: Ukaguzi na upekuzi ni mambo mawili

Kukagua gari ni matairi, taa, breki, vioo, bima. Hilo trafiki mwenye sare ameruhusiwa, na anaweza hata kuingia ndani ya gari kwa ajili ya kulikagua. Wanaoambizana "kamwe polisi asiguse mlango wako" wanapotoshana.

Kupekua mizigo, mikoba na mifuko ya nguo ni jambo jingine. Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha yako na mali yako. Polisi anaweza kupekua gari bila kibali cha mahakama pale tu anapokuwa na shaka ya msingi, kwa mfano kwamba limebeba mali ya wizi. Kwa hiyo uliza: "Afande, unashuku nini?" Akiamua kupekua, usimzuie kwa mwili wala kwa matusi. Sema kwa sauti inayosikika: "Sijaridhia upekuzi huu, lakini sitakuzuia." Simama pale unapoona mikono yake, na abiria wako waangalie pia. Mwanamke hupekuliwa na mwanamke mwenzake na kwa heshima. Hilo limo katika Sheria ya Utaratibu wa Makosa ya Jinai, na dada zetu wanapaswa kulidai bila woga.

Hatua ya 6: Jua uko kwenye njia ipi

Baada ya hapo kuna njia tatu halali.

Ya kwanza ni onyo. Shukuru, ondoka.

Ya pili ni notisi ya kosa. Afande anaandika kosa, mahakama na tarehe ya kufika. Kifungu cha 117 cha Sheria ya Trafiki ndicho kinachotoa utaratibu huu kwa makosa madogo. Kwenye zile kanuni za 2016, kutofunga mkanda kuliwekewa shilingi 500 na kushindwa kutoa leseni ukiombwa shilingi 1,000. Isome notisi kabla ya kuipokea: jina lako, nambari ya gari, kosa, tarehe. Kuipokea hakumaanishi umekiri.

Ya tatu ni kukamatwa. Ukiambiwa "twende kituoni", uliza wazi: "Afande, nimekamatwa?" Ukishakamatwa, Kifungu cha 49 cha Katiba kinaanza kazi: uelezwe mara moja sababu ya kukamatwa kwako kwa lugha unayoielewa, unyamaze ukitaka, uwasiliane na wakili au mtu unayemhitaji, na usilazimishwe kukiri chochote.

Kosa la ulevi halina njia ya kando. Kama umekunywa, mwongozo huu hautakusaidia, na mimi sitaki ukusaidie. Nimesaidia kutoa miili kwenye magari hapo Salama, kwenye barabara ya Mombasa.

Hatua ya 7: Ukidokezewa kitu kidogo

Hakuna afande atakayesema neno "hongo". Atasema "tusaidiane", au "wacha ya chai", au atanyamaza tu na leseni yako mkononi mpaka uchoke. Jibu moja tu linatosha, na ujifunze kulisema bila kutetemeka: "Afande, kama nina kosa niandikie notisi, nitafika mahakamani."

Kisha nyamaza. Ngoja. Dakika ishirini zinaweza kupita. Mara nyingi leseni hurudi.

Usitoe hela, na usiulize "nikupe ngapi". Sheria ya Hongo ya 2016 inamshika anayetoa sawa na anayepokea, na adhabu inafika kifungo cha miaka 10 au faini ya shilingi milioni 5, au vyote viwili. Noti uliyoikunja ndani ya leseni imekutoa kwenye kosa la shilingi 500 na kukutia kwenye jinai. Wala usitume pesa kwa nambari ya simu ya mtu binafsi hata ukiambiwa ndiyo ya faini. Faini huwa na risiti rasmi.

Najua ugumu wake. Mwenye matatu ana abiria wanaolalamika, mwenye samaki ana barafu inayoyeyuka. Lakini kizuizi kinachojua wewe hutoa kitakusimamisha kesho na kesho kutwa.

Hatua ya 8: Kituoni

Hapa ndipo watu hupoteza zaidi, kwa hiyo soma polepole.

Kwanza, hakikisha umeandikwa kwenye kitabu cha matukio, ambacho kila mtu anakiita OB. Omba nambari ya OB uiandike. Mtu aliyekaa kwenye benchi kwa muda wa saa nne bila kuandikwa ni kama hajafika pale. Gari likizuiliwa, hilo nalo liingie kwenye OB, pamoja na hali yake na vitu vilivyomo. Kabla ya kuliacha, lipige picha pande zote nne, na ndani, na kilomita zilizosomwa.

Pili, omba dhamana. Katiba inakupa haki ya kuachiliwa kwa dhamana yenye masharti ya haki, isipokuwa kuna sababu nzito ya kukuzuia. Mkuu wa kituo anaweza kukuachilia kwa bondi, yaani unasaini tu kwamba utafika mahakamani. Bondi ya polisi hailipiwi. Anaweza pia kutaka dhamana ya pesa, na pesa hiyo lazima ipate risiti rasmi yenye jina lako, kiasi, na kosa.

Dhamana ya pesa si faini. Narudia kwa kuwa hili ndilo kosa kubwa kuliko yote. Watu hulipa dhamana, wanaamini wamemaliza, hawafiki mahakamani. Dhamana inapotea, hati ya kukamatwa inatolewa, na miezi mitatu baadaye wanashangaa kutiwa pingu. Mimi mwenyewe, nikiwa bado dereva wa lori, niliwahi kulipa dhamana kwenye kituo kimoja nikaondoka bila risiti kwa sababu niliambiwa kitabu kimeisha. Kesi ilipotupwa sikuwa na kitu cha kuonyesha. Sikuiona pesa ile tena.

Tatu, hesabu saa. Lazima ufikishwe mahakamani ndani ya saa 24 tangu kukamatwa. Ila saa hizo zikiisha nje ya muda wa mahakama au siku isiyo ya mahakama, zinasogea hadi siku inayofuata ya mahakama. Ukikamatwa Ijumaa jioni, Jumatatu ndiyo siku yako. Ndiyo maana dhamana ya kituoni ya Ijumaa inapiganiwa mapema, kabla mkuu wa kituo hajaondoka.

Nne, kifahamu Kifungu cha 49(2). Mtu hawekwi rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini peke yake, au kifungo kisichozidi miezi sita. Makosa mengi madogo ya barabarani yako humo. Mtaje hakimu kifungu hicho kwa nambari yake.

Hatua ya 9: Mahakamani

Fika mapema, na notisi au risiti ya dhamana mkononi. Utasomewa shtaka na kuulizwa kama ni kweli. Huelewi lugha? Omba mkalimani, na hulipi chochote.

Kama ulitenda kosa, kukiri si aibu. Baada ya kukiri, mwendesha mashtaka husoma maelezo ya tukio. Yasikilize. Kama yana jambo usilolifanya, liseme hapo hapo, kwa sababu hakimu anaweza kuandika kwamba umekana. Kisha utapewa nafasi ya kusema kabla ya hukumu. Sema ukweli mfupi: ni kosa la kwanza, gari limeshatengenezwa, hii hapa risiti ya fundi.

Kama hukutenda, kana. Usikiri "ili umalize haraka". Ukishakiri, rufaa yako inabaki kwenye adhabu tu, si kwenye hatia, na muda wa rufaa ni siku 14.

Faini ukilipa, chukua risiti. Kama uliweka dhamana ya pesa, unaweza kuiomba mahakama ikate faini humo na kukurudishia salio. Ukiachiliwa, dai dhamana yote, kwa risiti ile ile niliyokuambia usiondoke bila hiyo.

Mambo yakienda mrama

*Amekataa kunirudishia leseni na hataki kuandika notisi.* Uliza: "Afande, leseni yangu nitaipata kituo gani, na kwa nambari gani ya OB?" Andika jina lake, saa na mahali mbele yake. Asipojibu, nenda kituo cha karibu siku hiyo hiyo ukaripoti kwamba leseni yako imechukuliwa. Usingoje kesho, na usiendelee na safari ndefu bila leseni na bila OB.

*Amechomoa ufunguo.* Usinyang'anyane naye. Mwambie utangoja hapo gari lilipo, na uulize kama gari limezuiliwa na kwa kosa gani. Gari likizuiliwa kihalali kuna kumbukumbu yake. Lisipozuiliwa, ufunguo ni wako. Piga simu kwa mkuu wa kituo cha eneo hilo, au 999.

*Nikirekodi video anasema navunja sheria.* Sheria ya Trafiki haina kosa la kumrekodi askari anayefanya kazi hadharani. Lakini kumsukumia simu usoni kunaweza kugeuzwa kuwa kumzuia askari kazi yake. Injini ikiwa imezimwa, mpe abiria arekodi akiwa ameketi. Kama hali ina joto, acha video uandike.

*Tarehe ya mahakama imenipita.* Usijifiche. Nenda mahakama iliyoandikwa kwenye notisi siku ya kazi inayofuata, mwone karani, ueleze sababu ukiwa na ushahidi, kama karatasi ya hospitali. Anayejipeleka husikilizwa tofauti na anayeletwa.

*Nilipigwa, au nilidaiwa hongo.* Jeraha lipelekwe hospitali kwanza na lipigwe picha. Kisha IPOA kwa kupigwa na kuonewa, EACC kwa hongo. Wataomba yale yale uliyoandika kwenye kijidaftari: jina au nambari ya afande, mahali, saa, nambari ya gari lake, nambari ya OB. Malalamiko yenye vitu hivyo vitano yana mahali pa kuanzia.

*Nimegongana na mtu.* Simama, toa jina lako na nambari ya gari, msaidie aliyeumia, na uripoti polisi ndani ya saa 24 hata kama mmekubaliana kulipana. Mapatano ya barabarani bila OB nimeyaona yakigeuka mashtaka ya kutoroka ajali.